Alama ya Msumari Kwenye Tabo

Lea mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi, uliponipa shikamoo nami nimelala chini ya pikapu, miguu nje. Nakuandikia alasiri hii kwa sababu wewe na mama yako mmekwenda sokoni kutafuta ndoo na sabuni za chuoni, na nyumba imetulia. Karatasi nimezichana nyuma ya daftari langu la safari. Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na marafiki wa kuwaepuka mama yako amezisema wiki nzima, mimi sirudii. Barua nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome leo hii hii. Ukiisomea Morogoro itakuwa imechelewa, na sababu utaiona huko mbele.

Unakwenda kujifunza ufundi wa magari na matrekta. Watu hapa Area D wananiuliza mtoto wa kike atafanya nini na spana, nami nawaambia wakaiulize ile pikapu. Injini yake unaijua kuliko wengi wanaojiita mafundi. Lakini kuna jambo moja la injini ile usilolijua. Mimi nalijua, na nimelinyamazia miaka miwili. Linamhusu mjomba wako Ndahani.

Usiruke mistari. Najua tabia yako.

Baba yako ni mtu wa kushuku, hilo si siri. Mtu akinipa bei ya chini, namwuliza ameiba wapi. Akinipa ya juu, yeye ndiye mwizi. Sikuzaliwa hivi. Nilikuja Dodoma kijana, nimetoka Iringa na gari la serikali, na kazi ya udereva ikanifundisha kwamba kitu chochote usichokitazama kitaondoka. Ukiegesha na kwenda kunywa chai, ukirudi tairi la akiba halipo. Ukimwachia mtu funguo, dizeli imenyonywa. Siku zile za foleni za sukari, dizeli ilikuwa ya kibali, na Jumapili mchana magari hayakuruhusiwa kutembea. Tukajifunza kubana. Ukifika, unazima hapo hapo, hata breki hujaivuta. Ukipata mteremko, unazima injini, unatia nyutro, unaliacha gari lishuke lenyewe. Kile cheti cha dereva bora kilichoko sebuleni, ambacho mama yako anakifuta vumbi kila Jumamosi, nilipewa kwa hilo. Dereva aliyetumia mafuta kidogo kuliko wenzake wote. Kiweke kichwani cheti hicho, nitakirudia.

Kisha ikaja ruksa. Madukani kukawa na vitu, bandarini yakashuka magari yaliyokwisha kutumika, na mimi nikapunguzwa kazini pamoja na wenzangu. Kiinua mgongo changu nikanunulia pikapu. Mama yako alitaka mashine ya kusaga, nami nikamwambia mashine haiwezi kukimbia ukiona mambo yamekuwa magumu.

Aliyeniuzia alisema injini ina nguvu ya farasi tisini. Nikamwambia mpaka sasa sijaona hata mmoja. Dashibodi ilionyesha kilomita elfu sitini. Nikainama nikatazama pedali ya klachi: mpira umelika mpaka chuma kinang'aa. Gari la kilomita elfu sitini halina pedali ya namna ile. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami nikajua hili limetembea mara tatu ya hapo. Nikalichukua hata hivyo, kwa sababu injini ilipigwa mara moja tu, ikaitika, na moshi wake ulikuwa mwepesi.

Unaijua yenyewe. Dizeli, silinda nne, ujazo lita mbili na nusu kasoro kidogo. Bila tabo ingekuwa injini ya kawaida tu, ukiipa magunia kumi na tano inalalamika kabla hata ya mlima. Ile tabo ndiyo iliyoifanya itambe, kafeni kadogo kanakozungushwa na moshi unaotoka, kakasukuma hewa nyingi irudi ndani. Nilipoipandisha mlima kwa mara ya kwanza na mzigo wa mtama, nikasikia mluzi wake mwembamba na mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti. Nilicheka peke yangu, Lea. Miaka yote ya kuendesha magari ya wakubwa, na hili lilikuwa langu.

Lakini unajua pia ilivyo na madeko. Mkanda wa taimingi ni wa mpira, ukikatika valvu zinapigana na pistoni. Hedi yake, kule juu ya silinda, haipendi joto, ikikosa maji mara moja tu inaleta maneno. Na tabo yenyewe inazunguka kwa kasi ya kutisha, na hakuna kitu kinachoilinda ila oili. Ukizima injini ghafla ikiwa imetoka kuhenyeka, oili inakoma kuja wakati feni bado inazunguka na chuma bado kinawaka. Oili iliyobaki humo inaungua, inakuwa makaa. Fanya hivyo kwa mwezi, kwa mwaka, umekwisha kuiua kwa mkono wako.

Ndiyo maana nilikufundisha, ukiegesha, uhesabu mpaka sitini ndipo uzime. Umewaambia hata rafiki zako kwamba baba yako ana hesabu yake. Lea, hesabu hiyo si yangu. Ni ya Ndahani.

Aliniambia wiki ile ile niliyolileta gari. Yeye ndiye kaka wa mama yako, na wakati ule alikuwa na kibanda cha mabati karibu na reli, watu wanapanga foleni wakimsubiri yeye na si fundi mwingine. Alizunguka pikapu, akaegemeza sikio kwenye boneti, akasema, "Shemeji, hii ina tabo. Usizime haraka. Iache ingurume kidogo, ipoe."

Nikamwitikia sawa. Moyoni nikajiuliza: huyu anafaidika nini mimi nikiunguza dizeli bure? Nikakumbuka kwamba rafiki yake anauza dizeli kwa madumu nyuma ya kibanda. Nikasema ahaa. Hata ile karatasi iliyobandikwa juu ya kioo cha mbele, maandishi ya Kijapani na kipicha cha saa, niliibandua nikidhani ni tangazo la biashara. Nikaendelea kuzima kama dereva bora.

Sasa sikiliza habari ya alama. Wewe mwenyewe umeniona nikikaa juu ya dumu kwenye gereji, fundi akifanya kazi mimi nikimtazama mikono. Wenye magari wengi wanafanya hivyo, na wanachora. Kila kitu kinachofunguliwa unakichora kwa msumari mahali fulani unapopajua wewe, ili fundi asikubadilishie kizima akakurudishia kibovu. Wengine wanachora msalaba. Mimi nilichora L, mistari miwili tu, kwa sababu ya jina lako. Pampu ya dizeli ina L. Staata ina L. Na tabo niliichora ubavuni, upande unaotazama injini.

Ulikuwa darasa la tano gari lilipochemka njia ya Kondoa, gasketi ya hedi ikaungua. Ndahani akafungua hedi, akatoa na tabo ili apate nafasi. Kazi ya siku tatu. Siku ya kwanza nilikaa juu ya dumu toka asubuhi. Siku ya tatu nilikaa. Siku ya pili nilikuwa na msiba Hombolo, nikaenda kuzika. Siku hiyo moja niliyokuwa makaburini ndiyo iliyozaa mambo yote.

Wiki tatu baadaye, napanda na mzigo, ule mluzi mwembamba ukageuka kilio. Moshi wa bluu ukajaa barabara nzima nyuma yangu, nguvu zikaisha, nikafika mjini nikitambaa na gia ya pili. Sikujiuliza swali hata moja. Jibu nililiweka tayari tangu siku ile ya msiba: amenibadilishia tabo. Yangu ilikuwa nzima, hii imekufa, na katikati yake kuna siku moja ambayo sikuwapo. Nilikuwa nikirudia methali moja njia nzima, kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaifungua mwenyewe. Ilikuwa nyeusi tii, oili iliyoungua imeganda juu yake kama ukoko wa ugali. Nikatafuta alama, sikuiona. Nikaibeba mpaka kwenye kibanda chake, mchana kweupe, wateja wamejaa. Nilipita kwanza kwa balozi wa nyumba kumi nikamchukua, ili pawe na shahidi.

Nikaiweka mezani mbele yake. Nikamwambia, "Shemeji, alama yangu iko wapi?"

Akaigeuza geuza. "Itakuwa chini ya masizi. Nipe mafuta ya taa na brashi, nisafishe hapa hapa mbele ya balozi, uone."

"Nikupe brashi ili uchore nyingine?"

Watu wakaguna. Mmoja akacheka. Ndahani hakupandisha sauti. Akasema, "Shemeji, hata msumari uliochorea uliuokota hapa kwangu."

Balozi akasema tabo isafishwe. Nami nikasema haitasafishwa na mtu, huo ni ushahidi, nikaichukua nikaondoka nayo. Hebu fikiri ujinga huo, Lea. Nilikataa kitu pekee ambacho kingenionyesha ukweli, na nilikikataa kwa sababu alikipendekeza yeye. Hakufungwa, maana ushahidi sikuutoa. Lakini hapa mjini fundi hahitaji kufungwa ili aishe. Ilitosha kusemwa kwamba Ndahani alimwibia hata shemeji yake. Foleni ikapungua, kisha ikaisha. Mwaka haukupita akauza zana zake, akahamia Nzuguni shambani kwa marehemu babu yako. Analima zabibu na kutengeneza pampu za kunyunyizia dawa. Mikono ile, Lea, iliyokuwa inasikia ufa wa hedi kwa kugusa tu.

Mama yako hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alichukua khanga yake akaenda kumwona kaka yake, akarudi jioni akasonga ugali. Tangu siku hiyo Krismasi anakwenda Nzuguni peke yake, na ninyi watoto nikawakataza kumwamkia mjomba wenu.

Nilinunua tabo nyingine, nayo baada ya miaka miwili ikaanza kulia. Nilikuwa Singida siku hiyo, nimeegesha kwenye hoteli, nikazima. Dereva mmoja mzee wa mradi wa maji alikuwa amekaa ukumbini na kikombe chake cha chai, akaniita. "Bwana mkubwa, gari lako si lina tabo? Mbona unazima kama unazima kibatari?" Akanieleza yote, oili, joto, makaa. Maneno yale yale ya Ndahani. Nikajitetea njia nzima ya kurudi: hata kama mimi ndiye niliyekuwa naua, bado alama haikuwapo. Nilishikilia hapo. Nikaanza kuhesabu sitini, nikakufundisha na wewe, sikusema nimeipata wapi.

Na ile tabo ya kwanza, ule ushahidi wangu? Unaijua. Umeishika. Ni lile chuma lililokandamiza bati la banda la kuku lisichukuliwe na upepo. Nililiweka pale kwa hasira, likakaa miaka mitano na jua na mvua za Dodoma, chache lakini kali. Miaka miwili iliyopita nilipanda kubadilisha lile bati. Nikaliinua chuma. Masizi yamebanduka yote upande mmoja, chuma kimebaki cheupe, na ubavuni, pale pale nilipochora, kuna L.

Nilikaa juu ya banda la kuku mpaka mama yako akaniuliza nimepatwa na nini. Nikasema kizunguzungu. Ilikuwa tabo yangu mwenyewe, Lea. Haikubadilishwa na mtu. Niliiua mimi, kwa ile tabia niliyopewa cheti, kisha nikamuua nayo Ndahani.

Unajua nikafanya nini? Niliigeuza. Nikaiweka tena juu ya bati jipya, alama ikatazama chini. Na kila asubuhi kwa miaka miwili wewe umekuwa ukifungua kuku chini yake, mimi nakutazama dirishani nikiomba usiwe mrefu zaidi. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Mimi nilidhani nitaponea kwenye banda la kuku.

Ningeendelea hivyo, sikudanganyi. Kilichonivunja ni Jumamosi iliyopita pale sokoni. Nilikuwa kwa muuza vitunguu, nyuma yako kidogo, hukuniona. Ndahani alikuja na tenga la zabibu begani. Amezeeka. Akakuona, akasimama, akakusalimia Kigogo kwa ile sauti yake ya chini, "Mbukwa, Lea. Umekua." Wewe uligeuza shingo ukatazama mizani, ukapita kama umepita nguzo. Alibaki amesimama na tenga lake, watu wanamsukuma. Nyumbani ukaniambia, tena kwa fahari, "Baba, leo yule mwizi kanisalimia, sikumjibu."

Ulitaka nikusifu. Nilikwambia nina kiu, nikaenda mtungini. Niliona haya. Hilo neno mwizi umelipata kwangu, hukulitunga. Na juzi nimekuona ukinunua kufuli ya pili ya sanduku, hata hujajua utalala na nani bwenini. Nikasema ala, huyu nimemtengeneza mimi. Weka kufuli moja, inatosha. Vitu vingine vikiibwa utanunua.

Sisemi uamini kila mtu. Pedali ya klachi itazame, dizeli inuse, sanduku jipya la spea lifungue uone kama cha ndani ni kipya. Hayo sitayaacha hata nikifa. Lakini fundi akikuomba brashi asafishe mbele yako, mpe brashi. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha, maana mwenyewe nilikuwa nahitaji kufundishwa.

Sasa ya kesho. Basi la Morogoro hutalipandia stendi. Utalipandia Nzuguni, barabarani, nimeshasema na kondakta. Tutaondoka mapema, na utaendesha wewe. Leseni unayo. Mimi nikishika usukani tutapita kona ya Nzuguni moja kwa moja, najijua. Tangu Jumamosi nimekwenda mara mbili. Mara zote mbili niliwasha indiketa, nikaizima, nikaenda mpaka mbele nikageuza. Mama yako atakaa katikati. Hajui chochote bado. Jioni hii, ukishamaliza kusoma, nitamweleza mwenyewe jikoni, na ukisikia kimya kirefu usije kuchungulia.

Tabo nimekwisha kuishusha, iko nyuma ya kiti, ndani ya gunia. Nimeipiga brashi kwa mafuta ya taa, alama inaonekana vizuri. Sijui atasema nini. Huenda asifungue. Huenda afungue asiseme neno, maana ndiyo desturi yake, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Balozi wa zamani naye nimempelekea ujumbe aje pale saa mbili asubuhi, na wale wateja wawili waliokuwapo siku ile ambao bado wako mjini. Nilimtukana mbele za watu, siwezi kumwomba radhi chumbani.

Ukifika pale, egesha ukitazama nyumba. Usizime. Mimi nitashuka na gunia langu. Wewe hesabu zile sitini zake, taratibu, bila kuruka namba, halafu zima, uchomoe ufunguo, uuweke mfukoni. Nikiuomba, usinipe. Kisha shuka na mama yako, umwamkie mjomba wako kabla hujasema lolote lingine. Muda tutakuwa nao wa kutosha kabla basi halijapita.

Na nikirudi kwenye gari kabla hujafika sitini, nikakwambia nimegonga lakini hayupo, amekwenda shamba, twende zetu tutakuja siku nyingine, usiniamini. Nenda ukagonge mwenyewe.

Ni mimi baba yako.